Kipande Kisicho na Muwa

Mhadhara kwa wakulima, walimu, mafundi na vijana wa Mayoni

Mlionialika mlinipa mada pana: namna ya kukuza ubunifu na fikra mpya kazini na maishani. Mada ya aina hii ina hotuba yake ambayo nyote mmekwisha kuisikia. Msemaji husimama, akawahimiza vijana wafikirie mbali, waamke mapema, wasiogope kushindwa, kisha akataja tajiri wa Marekani aliyeanzia gereji. Watu hupiga makofi, wakanywa soda, wakaenda zao, na Jumatatu kila mtu akarudia alichokuwa akikifanya Ijumaa. Hotuba hiyo mtanisamehe, sitaitoa. Nataka tuzungumzie jambo linaloweza kupimwa kwa kamba: kipande cha ardhi, cha muda au cha pesa ambacho mtu hajakiahidi kwa yeyote, na ambacho anaweza kukitumia kujaribu kitu, kitu hicho kikaharibika, na watoto wasilale njaa. Rai yangu ni kwamba penye kipande kama hicho ubunifu huja, hata kwa mtu ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumwita mwerevu. Pasipo nacho, hata mwenye kipawa huishia kusema laiti.

Na kwa kuwa tuko Mayoni, katikati ya miwa ya Mumias, sina budi kuanza na muwa.

Kampuni ya Sukari ya Mumias iliandikishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Kilikuwa na shamba lake kuu, lakini chakula chake hasa kilitoka kwa wakulima wadogo wa mikataba, yaani wazazi na mababu wa wengi walioketi hapa. Sitaki kuutukana muwa. Muwa ulileta mabati mahali pa nyasi, ukasomesha walimu, wauguzi na mahakimu, na kwa miaka mingi Mumias ndicho kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini. Atakayewaambia kwamba muwa ulileta hasara tupu hakuwako, au alikuwako akasahau.

Lakini hebu tuangalie mkataba ule ulivyofanya kazi. Kampuni ilikulimia, ikakuletea mbegu na mbolea, ikatuma wakataji, ikatuma trela, kisha ikakata gharama zote hizo kwenye malipo yako. Muwa wa kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Kwa mvua zetu mbili za mwaka, huo ni muda wa kuvuna mahindi mara tatu. Katika muda wote huo kazi ya mkulima ilikuwa kupalilia na kungoja. Nani alichagua aina ya mbegu? Kampuni. Siku ya kukata? Kampuni. Uzito ulisomwa wapi? Kwenye mizani ya kampuni. Mzee mwenye hati yake ya shamba na mipaka yake aliyoipanda kwa mkono wake hakubakiwa na uamuzi wa maana hata mmoja wa kufanya juu ya shamba hilo, isipokuwa kutia sahihi tena.

Nawaomba mlitafakari hilo, maana mara nyingi hasara ya muwa tunaihesabu kwa shilingi peke yake. Tunahesabu malipo yaliyochelewa, makato yasiyoeleweka, stakabadhi iliyomwambia mtu kwamba baada ya mavuno yeye ndiye anayedaiwa. Hizo ni hasara za kweli. Ila iko nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi: kizazi kizima kilikaa bila kuulizwa swali na shamba lake. Uamuzi ni kazi ya kujifunza kama nyingine. Usipofanywa kwa miaka thelathini, mikono huusahau.

Na muwa haukutosheka na shamba la mbele. Ulisogea. Migomba ikang'olewa, viazi vitamu vikahamishwa, muwa ukafika mpaka nyuma ya jikoni. Kila mstari ulioongezwa ulikuwa na hesabu yake nzuri kwenye karatasi. Hakuna aliyeandika safu ya pili kuonyesha ni nini kilichokuwa kikijaribiwa pale kabla ya muwa kufika.

Mwisho wake mnaujua kuliko mimi. Mwaka 2001 hisa za kampuni ziliingia katika soko la hisa la Nairobi. Madeni yakapanda, usimamizi ukaharibika, sukari ya bei nafuu ikaingia kutoka nje, miwa ikapelekwa viwanda vingine. Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka kampuni chini ya mrasimu. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na kesi zikafuatana.

Hapa niseme jambo moja la pembeni ambalo halipendezi katika mhadhara wa kusifu ubunifu. Mumias haikuanguka kwa kukosa mawazo mapya. Mwaka 2009 ilianza kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa na kuuza sehemu yake kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2012 ikaanza kutengeneza ethanoli kwa molasi. Ilitia hata maji kwenye chupa. Ukiandika orodha ya viwanda vya sukari vilivyobuni mambo katika Afrika Mashariki, huwezi kuiacha nje. Na bado ilianguka. Kitu kipya kilichojengwa juu ya vitabu vya hesabu vilivyooza huzama pamoja na vitabu hivyo, na anayewaambia kwamba ubunifu hutibu kila kitu muulizeni kwanza anadaiwa kiasi gani.

Sasa turudi nyuma ya jikoni. Kile kipande chembamba ambacho muwa haukukimaliza kilikuwa cha nani? Cha mama. Hapo ndipo zilibaki mboga zetu za kienyeji: tsisaka, murere, likhubi, miroo na lisutsa. Mzee hakupahesabu, kampuni haikupapima, na afisa wa kilimo akipita aliona magugu. Kwa miaka mingi hata vyuoni mimea mingi ya namna hii ilifundishwa kama magugu, huku kabichi na sukuma wiki zikiitwa mboga. Mmoja wa waliokataa kuliona jambo hilo hivyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, binti wa huku kwetu magharibi. Amesimulia mara nyingi kwamba utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokuwa mtaalamu akazirudia zile zile: mbegu zake, lishe yake, namna ya kuzipanda na kuziuza. Leo murere na tsisaka zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na watu wa mjini wanazilipia vizuri.

Mtasema profesa alikuwa na elimu. Alikuwa nayo, sikatai. Lakini mbegu alizozichunguza zilifika mikononi mwake kwa sababu kulikuwa na wanawake waliozihifadhi kizazi baada ya kizazi katika vipande ambavyo hakuna aliyevitaka. Wao walichagua shina lipi liachwe litoe mbegu. Wao walijua ni jani lipi linalopunguza uchungu likichanganywa na lingine chunguni. Walikuwa wakifanya majaribio, ila hakuna aliyewapa daftari.

Kisa cha pili ninataka tukae nacho kidogo, kwa sababu kinaonyesha kazi hii inavyokwenda hatua kwa hatua. Ni kisa cha mahindi, na wengi wenu mmekiona kwa macho.

Mahindi ya huku yana maadui wawili wa zamani. Wa kwanza ni bungua, yale mafunza yanayotoboa bua kutoka ndani. Wa pili ni lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo wengi wa magharibi huliita kayongo, na wataalamu huliita striga. Kayongo ni adui mjanja. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, shina moja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, na mbegu hizo hulala udongoni miaka mingi. Mzizi wa muhindi ukipita karibu, mbegu huamka kwa harufu ya mzizi huo, ikajishikiza na kuanza kunyonya chini kwa chini. Ukija kuona maua yake, muhindi umekwisha kudumaa. Ukiling'oa wakati huo unajifurahisha tu.

Kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990 Dkt. Zeyaur Khan na wenzake wa pale, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kupambana na bungua bila dawa ambazo mkulima mdogo hawezi kuzinunua. Walipanda nyasi na mimea ya kila namna, wakachunguza nondo anayetaga mayai ya bungua anapenda kwenda wapi na anakimbia nini. Wakagundua kwamba desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, humfukuza nondo kwa harufu yake, na kwamba nyasi za nepia humvuta. Tena nepia humvuta kwa hila, kwa sababu mafunza yakianguliwa juu yake hunaswa na utomvu wake, na machache sana hupona. Basi wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nepia kuzunguka shamba. Ndiyo mnayoiita Vuta-Sukuma.

Bungua wakapungua kama ilivyotarajiwa. Lakini katika vile vipande vyenye desmodiamu watu wakaona jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Kayongo ilikuwa imetoweka. Shamba la pembeni, udongo ule ule, mvua ile ile, limejaa maua ya zambarau, hapa hakuna. Mtu mwenye haraka angesema bahati, akaendelea kuhesabu bungua, maana ndiyo kazi aliyolipiwa. Wao waliacha walichokuwa wakikifanya wakauliza kwa nini. Ikachukua miaka kujibu: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo, na nyingine zinazoizuia kujishikiza kwenye muhindi. Mbegu inaamka, haina pa kushika, inakufa. Kila msimu akiba yake udongoni inapungua.

Angalieni ni nini kilichowezesha ugunduzi huo. Vipande viwili vilikuwa kando kwa kando, kimoja na desmodiamu, kimoja bila. Lau desmodiamu ingepandwa shamba zima, mtu angeona mwaka huu kayongo ni kidogo, akasema labda mvua. Kipande cha pembeni ambacho hakikuguswa ndicho kilichozungumza.

Kisha wakulima wakaingia, na hapa ndipo napenda zaidi. Wakasema: mwalimu, huko katikati ya mistari unakotaka tuweke desmodiamu ndiko tunakopanda maharagwe; tutakula nini? Swali hilo halikuwa katika mpango wa utafiti. Ikabidi lijaribiwe, na ikaonekana maharagwe yanaweza kupandwa kwenye mstari wenyewe wa mahindi, hata shimo moja na mahindi, bila kuharibu mpango. Wakasema tena: mbegu ya desmodiamu ni ghali. Wakaanza kukata matawi yake na kuyapanda kama wafanyavyo na viazi vitamu. Na ng'ombe wakapata majani. Kwa hiyo ukiuliza Vuta-Sukuma ilibuniwa na nani, jibu linamtaja daktari, linamtaja pia mama aliyekataa kupoteza maharagwe yake.

Labda kuna kijana hapa anasema, mimi si mkulima, nafanya kazi dukani, au nauza simu, au niko ofisi ya kaunti. Vizuri. Kipande chako ni cha saa. Kampuni ya 3M ya Marekani tangu mwaka 1948 imewaruhusu wataalamu wake kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mambo wanayoyachagua wenyewe. Mwaka 1968 mwanakemia wake Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali akapata gundi dhaifu, inayoshika na kubanduka. Miaka ikapita haina kazi. Mwenzake Art Fry alikuwa mwanakwaya, na vile vikaratasi alivyoweka kwenye kitabu cha nyimbo ili asipoteze ukurasa vilikuwa vikidondoka. Mnajua hasira ya kutafuta wimbo namba fulani huku kinanda kimekwisha kuanza. Mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi dhaifu. Vikaratasi vile vya kubandika vikaingia madukani kote Marekani mwaka 1980. Kutoka gundi hadi duka ni miaka kumi na miwili. Meneja wa kwetu angemfukuza Silver wiki ya pili.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kumtafuta mwanamuziki. George Mukabi alitoka Kisa, Khwisero ya leo, ndani ya kaunti yetu hii ya Kakamega. Gitaa lilikuwa kitu cha kigeni. Katika miaka ya 1950 wapigaji waliovuma walikuwa wa Kongo, akina Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, na kijana yeyote wa Kenya aliyeshika gitaa alijaribu kuwaiga. Mukabi alijifunza kwao kama wengine. Kisha akafanya jambo lake. Alichukua mapigo ya isukuti, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazozungumza kwa kupokezana, akayahamishia kwenye nyuzi kwa vidole viwili. Dole gumba likashika besi, kidole cha shahada kikaimba juu. Kando yake mwenzake akagonga chupa ya Fanta. Chupa tupu ya soda, ambayo kwingine ingerudishwa dukani, ikawa ala. Mtindo huo ndio ulioitwa omutibo, na wimbo wake wa "Sengula Nakupenda" ukavuma Kenya nzima. Mukabi aliuawa mwaka 1963, angali kijana, na mpaka leo wapigaji wa omutibo wa huku magharibi hupima vidole vyao kwa vyake.

Mnaona alichokuwa nacho? Ngoma aliijua tangu utotoni. Isukuti haikuwa mali adimu, ilipigwa kwenye matanga na arusi. Gitaa nalo lilikuwa limefika kwa kila kijana mwenye vishilingi viwili vitatu. Vitu vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mamia ya watu. Tofauti ilikuwa zile jioni za kukaa na kujaribu kuviunganisha bila ya mtu kumuuliza anapoteza muda kwa nini. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni heshima, lakini nadhani Mukabi aliilinda vizuri zaidi, kwa kuipeleka mahali ambapo haikuwahi kufika.

Watu wa kawaida hufanya hivi kila siku na hatuwaoni. Busia si mbali na hapa. Huko, katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walitia mto wa kukalia juu ya keria wakaanza kuwavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na cha upande ule, wakiita wateja kwa kutaja mpaka. Biashara nzima ya bodaboda ya Afrika Mashariki, pikipiki zote hizi zilizopangwa hapo nje, imetokana na ule mto juu ya keria. M-Pesa nayo ilijaribiwa mwaka 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo. Watu waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, kinyume cha mpango. Safaricom ikawa na akili ya kufuata walichokuwa wakikifanya watu badala ya kuwakemea, na Machi 2007 ikatangaza huduma ya kutuma pesa. Mkubwa wa kazi aliyeko hapa achukue hilo: mfanyakazi akikitumia kifaa chako visivyo, mtazame vizuri kabla hujaandika barua ya onyo.

Sasa isindu. Najua mtacheka.

Tombo hawa wadogo, wazee wa magharibi wamewatega tangu zamani kwa vitundu vilivyotundikwa juu ya nguzo ndefu, ndege aliyefungwa akiimba, wa porini wakija kumsikiliza. Ilikuwa sanaa. Kisha ikaja miaka ya 2013 na 2014. Uvumi ulienea Kenya nzima kwamba yai la isindu linatibu kila ugonjwa na kutajirisha kila maskini. Watu wakaomba vibali vya Shirika la Wanyamapori, wakanunua vifaranga kwa bei ya kuku mzima, wakauza ng'ombe, wengine wakakopa. Kwa muda mfupi mayai yakajaa kila mahali, bei ikaporomoka, na watu wakabaki na ndege ambao hawakujua wawafanyie nini.

Wengi husimulia kisa hiki kama onyo kwa wanaojaribu mambo mapya. Nadhani wanakisoma visivyo. Hakuna kilichojaribiwa pale. Mtu aliyemwona jirani akifanya, akafanya vilevile kwa mali yake yote siku ile ile, hajajaribu kitu; amecheza kamari. Angefuga ndege ishirini kando ya banda la kuku, akaona wanakula nini, nani hasa ananunua na ananunua mara ngapi, angejua ukweli kwa hasara ya kuku wawili. Na labda angegundua kitu ambacho wengine hawakukiona. Ukubwa wa jaribio ndio uliowaangamiza. Maskini huambiwa kila siku athubutu. Amekwisha kuthubutu, jamani, anathubutu kila anapopanda. Anachokosa ni kipande kidogo cha kuthubutu nacho.

Walimu wetu nawapa pole na lawama kwa pamoja. Mtaala wa umilisi ulioanza kuingizwa mwaka 2017 umeutaja ubunifu miongoni mwa umilisi wa kimsingi, na hilo ni jema. Lakini nyote mnajua kazi ya mradi inafanywa na nani: na mzazi, saa nne usiku, kwa gundi iliyonunuliwa dukani, mtoto amelala. Kesho yake mwalimu anapiga picha, anaituma, na alama zinaandikwa. Mfumo wa 8-4-4 nao, ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na ususi, useremala na sayansi kimu. Mtihani ukayameza hayo yote kabla ya mitaala kupunguzwa. Shule ikitaka kweli, itenge tuta moja la bustani ambalo wanafunzi wataamua wenyewe cha kupanda, na lisitolewe alama. Mwaka wa kwanza watapanda kitu cha ajabu kitakachonyauka. Mwalimu asiwasaidie. Awape tu daftari waandike walichofanya na tarehe.

Nimefika kwa wazee, na hapa naomba radhi kabla sijasema. Kijana wa miaka ishirini na mitano anaomba robo ekari ya kujaribia nyanya au samaki, anaambiwa asubiri urithi. Akija kurithi ana miaka hamsini, ana deni, na hana tena ujinga mzuri wa kujaribu. Mama analima shamba lote lakini akitaka kubadilisha mstari mmoja lazima aombe. Tunaomboleza kwamba vijana hawana mawazo, na kila kipande ambacho wazo lingesimama juu yake tumekikalia. Mzee, siombi upokonywe hati. Mpe kijana kipande, mkubaliane misimu, kisha usipite hapo kila asubuhi ukitikisa kichwa.

Kwa atakayeanza, mambo machache ya kazi. Ukubwa wa kipande uamuliwe na hasara unayoweza kuimeza, si na faida unayoiota. Badilisha jambo moja kwa wakati, maana ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi msimu mmoja hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Acha mstari wa kulinganisha pembeni, kama vile pale Mbita. Andika. Penseli na daftari la shilingi chache vimeleta mengi kuliko semina. Na msimu ukiisha bila kitu, usilirudishe eneo hilo kwenye muwa kwa hasira. Jaribu jambo la pili.

Nasema hivyo kwa sababu trekta zimeanza kupita tena, na maafisa watakuja na fomu. Wengi mtatia sahihi, na sitawakataza. Muwa ukilipwa ni pesa. Lakini kabla ya kalamu kuna mtu atakayekuja kupima shamba. Atauliza mpaka wa kupimwa unaishia wapi. Mkabidhini mama wa nyumba hiyo ncha ya kamba, yeye ndiye aonyeshe, na eneo atakaloliacha nje lisiandikwe kwenye fomu hata kama afisa atasema ni dogo mno halina maana.

Sasa maswali. Waliowahi kujaribu kitu kikawashinda waanze.